Dola ilikuwa shilingi 7, sawa, lakini mshahara ulikuwa ngapi?

Tangu Benki Kuu ya Tanzania ilipotangaza kuziondoa kwenye mzunguko noti za zamani, zile za kuanzia 1985 mpaka 2003, na watu wakapewa muda wa Januari 6 mpaka Aprili 5, 2025 kwenda kuzibadilisha, kuna mchezo kwenye magrupu ya WhatsApp ambao mpaka leo haujaisha. Mtu anafukua sanduku la marehemu babu, anakuta senti 10 yenye tundu katikati au ile shilingi ya 1952 yenye simba na milima nyuma yake, anaipiga picha, anaandika kwamba hii hela enzi hizo ulikuwa unaenda nayo dukani unarudi na kapu, na dola moja ilikuwa shilingi 7 tu. Komenti zinamiminika, kila mtu analia, kila mtu anauliza tulikosea wapi. Halafu ikaja Mei Mosi ya mwaka huohuo pale Singida, Rais Samia akatangaza kima cha chini cha mtumishi wa umma kitoke 370,000 kiende 500,000 kuanzia Julai, basi zile picha zikarudi kwa kasi mpya, safari hii na kauli kwamba laki 5 ya leo haiwezi kusimama mbele ya shilingi 100 ya mwaka 1950. Wakenya nao wana toleo lao, maana dola kwao iko kwenye 129 na walishaionja 160 mwanzoni mwa 2024, kwa hiyo ile 7 inawauma vilevile.

Mimi nasema wote hawa wanaisoma ile sarafu vibaya. Bei ya 1952 bila mshahara wa 1952 ni nusu ya habari, na nusu inayoachwa ndo yenye nyama. Ukiirudisha hiyo nusu unakuta maisha ya mwanzoni mwa miaka ya 50 hapa kwetu, mjini hasa, yalikuwa ghali kuliko ya sasa kwa vitu vingi ambavyo leo hata hatuvihesabu kama gharama, na kile kilichokuwa bei chee kweli kilikuwa ni kazi ya Mwafrika. Sio kwamba sina huruma na wanaolia, kuna hoja yao moja nzito nitaifikia huko mbele, ila nyingine zinapendwa tu kwa sababu zinapendeza kwenye picha.

Tuanze na hiyo ya dola 7 maana ndo nyepesi kuliko zote. Shilingi ya Afrika Mashariki ilianza 1921 chini ya Bodi ya Sarafu iliyokuwa na makao yake London, ikatumika Kenya, Uganda na Tanganyika, na Zanzibar wakaingia 1936 walipoachana na rupia. Shilingi 20 ilikuwa ni pauni 1 ya Uingereza, hamna cha soko wala cha mjadala. Na haikuwa na nguvu kwa sababu uchumi wetu ulikuwa na nguvu, ilikuwa na nguvu kwa sababu kila shilingi iliyotolewa huku ilitakiwa iwe na thamani yake ya pauni imekaa London. Fikiria maana yake. Mkulima wa Usukuma anauza pamba, bandari ya Dar inahitaji hela zaidi ya kulipia watu na mizigo, lakini kabla ya hizo shilingi hazijatolewa lazima kwanza pauni zipatikane na ziende zikae Uingereza kwenye hati za serikali zao. Yaani sisi maskini ndo tulikuwa tunamkopesha mkoloni, tena wakati yeye mwenyewe ametoka vitani hoi, na huku mwenye duka wa Kiafrika akienda benki kuomba mkopo anaangaliwa kama amepotea njia. Mpaka 1955 ndo bodi ikaruhusiwa kutoa sehemu ndogo isiyokuwa na dhamana hiyo, pauni milioni 10, kwa nchi zote zilizokuwa zikitumia shilingi hiyo. Hiyo ndo siri ya shilingi ngumu, hela ilikuwa ngumu kwa sababu ilikuwa adimu.

Na kuna kitu kinachekesha hapa. Hiyo 7 yenyewe ni matokeo ya kushuka kwa thamani. Mpaka Septemba 1949 pauni ilikuwa dola 4.03, kwa hiyo dola moja ilikuwa kama shilingi 4 na senti 96. Tarehe 18 mwezi huo serikali ya Uingereza ikaishusha pauni mpaka dola 2.80, na shilingi yetu ikaburuzwa nayo, dola ikawa shilingi 7 na senti 14. Thamani yake imeshuka kwa asilimia 30 kwa tangazo moja la Jumapili, na hakuna mtu aliyeulizwa Nairobi wala Kampala wala Dar. Leo hii tungeita hiyo balaa, bunge lingewaka moto, lakini sababu imetokea zamani tunaisifia. Halafu kingine, hiyo 7.14 haikuondoka na mkoloni. Benki kuu zetu zilipoanzishwa 1966 zilianza nayo, na pauni ilipoanguka tena Novemba 1967 shilingi za Kenya, Uganda na Tanzania hazikuifuata, kwa hiyo kwa muda fulani shilingi ya uhuru ilikuwa ngumu kuliko pauni ya malkia. Anayetumia dola 7 kuthibitisha kwamba mkoloni alijua kutunza hela basi aeleze na hilo.

Sasa mishahara, hapa ndo nataka tukae kidogo. Mei 1950 Nairobi iligoma. Makhan Singh na Fred Kubai wa lile shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Afrika Mashariki walikamatwa tarehe 15, mji ukasimama siku kadhaa, na moja ya madai makubwa lilikuwa kima cha chini cha shilingi 100 kwa mwezi. Hawakupewa. Makhan Singh akapelekwa kizuizini akakaa huko mpaka 1961, na hiyo mia ikaendelea kuwa ndoto. Kwa hiyo huyo anayeandika kwamba babu yake akiwa na shilingi 100 alikuwa tajiri hajakosea, ila hajui kwamba watu walikamatwa kwa kuidai, na waliokuwa wakisukuma mikokoteni, wakifagia na kubeba mizigo Nairobi walikuwa mbali nayo sana.

Nimejaribu kuipima hiyo mia kwa hesabu ya kawaida tu. Shilingi 100 kwa 7.14 ni dola 14. Bei za Marekani zimepanda kama mara 13 tangu 1950, kwa hiyo dola 14 za wakati ule ni kama dola 185 au 190 za sasa. Zibadilishe kwa shilingi ya Tanzania ya sasa, unapata kitu kinachokaribia nusu milioni. Narudia, kile ambacho wafanyakazi wa Nairobi walikiomba 1950 wakanyimwa ndo kiwango ambacho mtumishi wa chini kabisa wa serikali ya Tanzania ameanza kulipwa Julai 2025. Hesabu ya dola ina matatizo yake, mtu wa Buguruni hanunui unga kwa dola, lakini kama hoja yako imeanza na dola basi imalizie na dola, usiishie njiani pale panapokupendeza. Na ukiimaliza inakupa majibu mawili kwa mpigo: kwamba enzi zile hazikuwa neema, na kwamba sisi pia miaka 75 baadaye hatuna cha kujivunia sana, maana hiyo laki 5 ni ya serikalini na Watanzania wengi hawaajiriwi na serikali wala na mtu yeyote.

Kima cha chini chenyewe kilihesabiwaje? Hili ndo swali ambalo posti za sarafu hazigusi kabisa. Kilipigwa kwa mahitaji ya mwanaume mmoja, kapera, chakula chake, kuni zake, sabuni yake, nguo yake na pa kulala, basi. Mke na watoto hawamo kwa sababu ilichukuliwa kwamba wako kijijini wanajilisha. Mwaka 1954 kamati ya mishahara ya Waafrika Kenya, iliyoongozwa na Carpenter, kamishna wa kazi, ikatoa ripoti ikasema wazi kwamba karibu nusu ya wafanyakazi wa mijini kwenye sekta binafsi, na karibu robo ya wale wa serikali, mishahara yao haitoshi mahitaji ya msingi ya afya, heshima na nguvu ya kufanya kazi. Hii sio ripoti ya wanaharakati, ni kamati ya serikali ya kikoloni yenyewe, tena katikati ya hali ya hatari ya wakati wa Mau Mau. Ikapendekeza kima kipandishwe hatua kwa hatua ndani ya miaka 10 mpaka kifike mara 2 na nusu ya kile cha kapera, ili kitoshe mtu mwenye familia. Serikali ikakubali nusunusu.

Kwa hiyo jiulize nani alikuwa analipa tofauti. Alikuwa analipa mama aliyebaki shamba. Yule kuli wa bandari ya Kilindini, Mombasa, au mfanyakazi wa reli Nairobi alipomaliza mwezi na shilingi zake chache, watoto wake walikuwa wameshakula mahindi na maharage ambayo mwajiri hakuyalipia hata senti, akiumwa au akizeeka anarudishwa kijijini akauguzwe na jembe lilelile, na mtoto akikua anakuja mjini kuajiriwa akiwa ameshalelewa bure. Kampuni ilikuwa inanunua kazi kwa bei ya kutupa kwa sababu gharama ya kumzalisha mfanyakazi ilibebwa na mwanamke ambaye hayumo kwenye kitabu chochote cha mishahara. Na bado huyohuyo mwanamke ndo watu wanamtaja leo kwamba zamani chakula kilikuwa cha bure, shambani tu unachuma! Kilikuwa bure kwa mwajiri, aisee, yeye mgongo wake ulikuwa unaumia.

Kwenye mkonge ndo ilikuwa wazi zaidi. Manamba alisajiliwa huko Kigoma, Songea au Rwanda na Burundi, akaletwa Tanga au Morogoro kwa mkataba, akapewa kipande. Kile kipande kilikuwa kadi yenye nafasi 30, kila siku ukimaliza kazi uliyopimiwa, yaani idadi ya mafungu ya majani ya mkonge, inatiwa alama moja. Hukumaliza, umeumwa, mvua imekukatisha, siku hiyo haipo. Mpaka zitimie alama 30 ndo unalipwa kinachoitwa mshahara wa mwezi, na sheria iliruhusu hizo 30 zitafutwe ndani ya siku 42. Sasa mtu akikuletea takwimu kwamba manamba alikuwa analipwa kiasi fulani kwa mwezi, mwulize mwezi gani, wa kalenda au wa kipande? Kuna wazee kule Muheza na Korogwe wanakwambia wenyewe kwamba kulikuwa na miezi isiyokwisha.

Na huo ulikuwa wakati wa neema ya mkonge, si wakati wa njaa. Vita vya Korea vilipoanza Juni 1950 dunia nzima ikaanza kulimbikiza malighafi, bei ya mkonge ikaruka mpaka kilele 1951, pamba nayo, na kahawa ikaja kupaa 1954 baada ya baridi kali kuunguza mibuni Brazil mwaka uliotangulia. Nani alikula? Mwenye shamba la mkonge alikula vizuri sana. Mkulima mdogo wa Uganda aliuza pamba na kahawa yake kwa bodi zilizompa bei ya chini kuliko ya soko la dunia, tofauti ikawekwa kwenye mifuko kwa ahadi ya kumkinga bei zikishuka, na sehemu ya hizo hela ikaishia kwenye miradi ya serikali. Kuna waliotetea mpango huo na si hoja ya kijinga, kwamba usipomzuia mkulima hela nyingi kwa mkupuo zitapandisha bei za dukani. Lakini bei za dukani zilipanda vilevile! Korea hiyohiyo iliyopandisha mkonge ilipandisha na nguo, majembe, mabati na mafuta kutoka nje, na mtu wa Nairobi au Dar mwenye mshahara wa kapera akaona unga na kanga vinamkimbia. Kwa hiyo hata ile sifa kwamba bei zilitulia, mwanzoni mwa miaka ya 50 sio kweli kihivyo, na migomo haikutoka hewani: Mombasa Januari 1947, Dar mwaka huohuo, Zanzibar 1948, bandari ya Dar tena Februari 1950 ambapo chama cha makuli kilivunjwa, kisha Nairobi. Ndo maana huwa naishiwa uvumilivu na ile hoja kwamba watu wa zamani waliridhika, hawakuwa na mahitaji mengi. Mtu aliyeridhika hasimamishi bandari. Mahitaji walikuwa nayo ila hawakuwa na pa kuyapatia, na kama unataka ushahidi kwamba Waafrika waliosoma pia hawakuridhika, kumbuka kwamba kwa mapendekezo ya tume ya Holmes ya 1948 mtumishi asiye Mzungu alilipwa sehemu 3 kati ya 5 za mshahara wa Mzungu kwa kazi ileile, mpaka tume ya Lidbury ya 1954 ilipopendekeza hilo liondolewe.

Najua wengine watasema umesahau raha. Na kweli, wakisema utamaduni wa mjini wa miaka ile ulikuwa moto, hapo sibishani hata kidogo. Siti binti Saad alifariki Julai 1950 lakini taarabu aliyoishusha kutoka majumba ya wakubwa mpaka Ng'ambo, mitaa ya watu wa kawaida wa Unguja, ilikuwa imeshashika pwani yote. Vijana waliopigana Burma na KAR, jeshi la Waingereza la Waafrika wa huku, walirudi na gitaa na midundo ya Kikuba, Fundi Konde akiwa mmojawapo, na sahani za santuri zilizokuwa zinauzwa madukani Nairobi na Mombasa zilikuwa na rumba, taarabu na beni zote. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Kiafrika, alimkuta mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco kule Jadotville, Katanga, huko Kongo, akamrekodi anaimba kwa Kiswahili cha kwao na gitaa la vidole ambalo watu wa Nairobi na Dar walikuja kuliiga miaka mingi. Dar es Salaam ilipata kituo cha redio 1951, Unguja nao wakapata Sauti ya Unguja mwaka huohuo. Pale Tanganyika zikatengenezwa filamu za Kiswahili, na nyota wa Muhogo Mchungu ya 1952 alikuwa kijana wa ustawi wa jamii anaitwa Rashidi Kawawa. Ndiyo, huyohuyo, Simba wa Vita, Waziri Mkuu wa baadaye, watu walimjua kwanza kwenye kitambaa cheupe cha sinema ya gari kabla hawajamjua kwenye jukwaa la siasa.

Ila angalia watu walivyokuwa wanaifikia hiyo raha. Chukua redio. Mwaka 1949 Harry Franklin, ofisa habari wa Rhodesia ya Kaskazini, ndo Zambia ya leo, aliwashawishi kampuni ya betri ya Ever Ready watengeneze redio ya betri ya bei ya chini kabisa iwezekanayo, mahususi kwa Waafrika. Ikatoka na umbo la sufuria, rangi ya bluu, ikaitwa Saucepan Special, na ikasifiwa kwamba ndo redio ya mtu wa chini. Bei yake pauni 5. Betri, ambayo ilikuwa inakwisha, pauni 1 na shilingi 5. Pauni 5 ni shilingi 100. Yaani redio ya bei rahisi kuliko zote, iliyobuniwa makusudi kwa ajili ya mfuko wa Mwafrika, ilikuwa sawa na ule mshahara wa mwezi ambao Nairobi nzima iligoma ili iupate ikaukosa, na betri peke yake ilikuwa robo ya huo mshahara. Leo redio ndogo ya mkononi kijana wa bodaboda anainunua Kariakoo kwa hela ya siku moja ya kazi, tena wengi hawanunui kabisa maana iko ndani ya simu. Ndo maana wakati ule redio ilikuwa ya mtaa, iko hotelini kwa mwenye mgahawa, watu wamejazana na kikombe kimoja cha chai wanakinywea mdomo wa kuku ili wasifukuzwe kabla taarifa ya habari haijaisha. Tukiiangalia picha ya namna hiyo leo tunaona upendo na umoja, na ulikuwepo, lakini tuone pia kwamba watu 30 walikuwa wanasikiliza redio moja kwa sababu 29 hawakuweza kununua.

Picha za studio vilevile. Bwana amevaa suti, bibi amevaa gauni, wameegemea meza yenye maua ya karatasi, na mjukuu anaandika kwamba wazee wetu walikuwa wanapendeza kuliko sisi. Picha hizo ni za siku moja, nguo ya siku hiyo, pengine ya kuazima, na ni za karani, mwalimu, dereva, mshonaji, mtu mwenye kazi ya kueleweka. Mpakua mizigo aliyekuwa analala kwa zamu kitanda kimoja na wenzake Pumwani kule Nairobi, au waliopanga chumba kimoja watu kadhaa kwenye nyumba ya Kiswahili ya vyumba 6 Kariakoo, hakuwa na hela ya mpiga picha, kwa hiyo hayumo kwenye albamu ya mtu. Albamu zimewachuja maskini kabla sisi hatujazaliwa, halafu tunazitumia kupima enzi nzima.

Sasa ile hoja nzito niliyoahidi. Wanaolia wanasema, sawa, mshahara ulikuwa mdogo, lakini hela uliyoiweka chini ya godoro leo uliikuta kesho ikiwa na thamani. Hapa wana haki. Ila nadhani wanachokililia sio 1952, ni kile kilichotupata baadaye. Tanzania mwaka 1980 dola ilikuwa bado karibu shilingi 8. Mwaka 1990 ilikuwa karibu 195. Ndani ya miaka 10 tu mwalimu aliyestaafu na akiba yake, mama aliyekuwa anatunza hela za mazao kwenye kopo, mfanyabiashara mdogo wa soko la Mwanjelwa, wote walinyang'anywa bila mtu kuwagusa mfukoni. Jeraha hilo ni la kweli na halijawahi kuombewa radhi, kwa hiyo watu wanarudi nyuma kutafuta kipindi ambacho hela ilikaa, na kwa sababu hawataki kukaa kwenye miaka ya foleni za sabuni na sukari ya kibali, wanaruka mpaka kwenye sarafu yenye tundu. Naelewa kabisa. Lakini uthabiti wa hela ni jambo moja na unafuu wa maisha ni jambo lingine, kipindi kile kilikuwa na la kwanza kwa kiasi, bila la pili, na ukichanganya hayo mawili unaweza kukubali mshahara wowote ilimradi noti haina masifuri mengi.

Hoja nyingine yenye uzito ni ardhi. Tanganyika ya 1948 ilihesabiwa watu kama milioni 7 na nusu, sensa ya Tanzania ya 2022 imetupa milioni 61.7. Sehemu nyingi mtu wa 1950 alikuwa anaweza kufyeka pori akalima bila kumwuliza mtu, na hiyo ni mali ambayo haionekani kwenye bei ya dukani. Nakubali kwa sehemu, maana haikuwa kila mahali. Wameru wa Ngare Nanyuki kule Arusha walihamishwa kwa nguvu Novemba 1951, nyumba zikachomwa, ili kupisha ufugaji wa Wazungu, na Kirilo Japhet akaenda Umoja wa Mataifa 1952 kuyasema. Kenya ya kati sihitaji kueleza, hali ya hatari ilitangazwa Oktoba mwaka huo. Halafu pale ardhi ilipokuwepo, kodi ya kichwa ilidaiwa kwa fedha taslimu, kwa hiyo hata mwenye shamba lake alilazimika kwenda kutafuta shilingi za huyohuyo mwajiri wa kipande.

Kwa nini nahangaika na mambo ya miaka 75 iliyopita? Kwa sababu huu mjadala unatupeleka kubaya. Siku hizi ukisema mishahara ya sekta binafsi haitoshi, mtu anakujibu tatizo ni shilingi yetu haina thamani, tufute masifuri matatu kama Zambia walivyofanya 2013, tutakuwa sawa. Tutakuwa sawa vipi? Ukifuta masifuri kwenye bei unafuta na kwenye mshahara, laki 5 inakuwa 500 na kilo ya mchele inakuwa shilingi 3, picha itapendeza sana kwenye simu na kapu litabaki lilelile. Cha kupima ni siku za kazi. Mfuko wa unga ni siku ngapi za kazi ya mlinzi, pango la chumba Mbagala ni siku ngapi, ada na madaftari ni siku ngapi, na hiyo siku yenyewe ina masaa mangapi. Na swali la Carpenter bado halijajibiwa, kwamba kima cha chini tunachokitangaza kinamtosha nani, mtu mmoja au nyumba. Nenda asubuhi stendi ya Magufuli pale Mbezi uone mabasi ya mikoani yanavyoshusha magunia ya mchele, mahindi na ndizi yaliyotumwa na akina mama kuja kulisha watoto wao walioajiriwa Dar. Watu wanaona hiyo ni desturi nzuri ya Kiafrika, na ni nzuri kweli, lakini kwenye hesabu ni mwajiri wa Dar anayesaidiwa kulipa mshahara na mkulima wa Mbarali.

Kama kuna mwaka wa kurudia kuusoma kuanzia enzi ile, basi mimi ningechagua 1955 badala ya 1952. Machi mwaka huo makuli wa Mombasa waligoma, Tom Mboya akaingia kati kama katibu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi Kenya, shauri likapelekwa kwa msuluhishi na nyongeza ikatoka asilimia 33. Miezi michache baadaye Kawawa, yule nyota wa sinema, akawa katibu mkuu wa shirikisho jipya la wafanyakazi Tanganyika. Shilingi ilikuwa ileile ya simba, dola ilikuwa 7.14 kabla ya mgomo na ikabaki 7.14 baada ya mgomo, na bodi ya London haikugusa chochote, ila kuli wa Kilindini mwezi uliofuata alinunua theluthi zaidi.